Kuni za mwati, Njombe: nzuri, ila zinunuliwe mapema

Kwa baridi ya Juni hadi Agosti, mwati (black wattle) unaushinda msindano (paini) kwa mbali: makaa yake yanadumu, na hauna utomvu mwingi wa kujaza masizi kwenye dohani. Shida ni wauzaji. Nyingi wanazoziita kavu zimekauka ganda tu. Kabla ya kulipia mzigo wa kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), omba gogo la chini lipasuliwe. Ndani pakiwa na ubaridi na unyevu, bado. Ukichukua mkaratusi badala ya mwati, upasuliwe mbichi, ukikauka nyuzi zake zilizosokotana hukataa shoka. Vipande viwe na unene wa sentimita 10 hivi, vipangwe juu ya magogo, bati juu, ubavuni wazi. Turubai lililofika chini huleta ukungu. Kuni zilizonunuliwa Septemba hukaushwa na jua la Oktoba, zikasubiri baridi ya mwakani. Za Mei haziwahi kukauka kabla ya Juni.