Mabingwa Wasiowahi Kukutana: Alhamisi Nne katika Mkahawa wa Barabara ya Jogoo

Kando ya Barabara ya Jogoo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kuna mkahawa mdogo usio na bango ambao kila Alhamisi jioni hugeuka kuwa baraza la ndondi. Kwa shilingi 400 mteja hupewa kiti, sahani ya mutura na viazi, kikombe cha chai, na haki ya kupiga kura moja katika pambano ambalo halijawahi kufanyika wala halitafanyika. Mabingwa wawili wa uzito wa juu, ambao mara nyingi ni wa vizazi tofauti, hupiganishwa kwa hoja, na waliohudhuria huamua nani angeshinda. Nimehudhuria Alhamisi nne mfululizo, nikilipa kiingilio changu mwenyewe.

Chakula nakimaliza upesi. Mutura una viungo vya kutosha, chai huchemshwa na maziwa ipasavyo, na viti ni vya plastiki vinavyoanza kuadhibu mgongo baada ya saa moja. Ukutani ipo picha ya Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, ingawa yeye, kwa kuwa alipigana katika uzito wa welta, hutazama tu mabishano ya wakubwa bila kuhusishwa.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwenye mkahawa, ambaye ndiye mwendeshaji, huonyesha kwenye skrini vipande vya mapambano halisi ya kila bingwa kwa dakika kumi kumi, kisha huruhusu hoja. Sheria yake moja ndiyo iliyonirudisha pale mara ya pili: hakuna anayeruhusiwa kutaja rekodi ya bondia kabla hajaeleza bondia huyo anavyopigana. Kijana aliyesimama na kutangaza kwamba Rocky Marciano alishinda mapambano yote 49 aliombwa aketi kwanza, aeleze mtu mwenye urefu wa sentimita 178 na mikono mifupi alikuwa akimfikiaje mpinzani, ndipo asimame tena. Hakusimama tena.

Sababu ya sheria hiyo ilielezwa vizuri katika jioni yangu ya kwanza, na kwa maoni yangu maelezo yale peke yake yalilipia kiingilio. Tulionyeshwa watu wanne wa miaka ya 1970. Mwezi Machi 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali kwa pointi baada ya raundi 15, na katika raundi ya mwisho akamwangusha kwa konde la kuzungusha la mkono wa kushoto. Januari 1973, mjini Kingston, George Foreman alimwangusha Frazier huyohuyo mara sita ndani ya raundi mbili. Miezi miwili baadaye Ken Norton alimvunja Ali taya na kumshinda, lakini Norton naye, alipokutana na Foreman mjini Caracas mwaka 1974, hakumaliza raundi ya pili. Mtu anayehesabu matokeo tu angeapa kwamba Foreman angemla Ali mzimamzima, kwa kuwa alikuwa amewasambaratisha wote wawili waliomshinda Ali. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Foreman ndiye aliyelala chini katika raundi ya nane.

Mwendeshaji hakutuachia fumbo hilo hewani. Alirudisha picha polepole na kutuonyesha miguu badala ya ngumi. Frazier alikuja mbele akiwa ameinama, akitikisa kichwa huku na huku, na mwendo huo ulimsumbua Ali kwa sababu Ali alizoea kukwepa kwa kurudisha kichwa nyuma, mikono ikiwa chini, na konde la kushoto la Frazier lilimfuata hukohuko nyuma. Mwendo huohuo ulimfaa Foreman kabisa. Mtu aliyeinama na kuja mwenyewe humwondolea Foreman kazi ya kumtafuta, na Foreman alikuwa na tabia ya kumsukuma mpinzani mabegani kwa mikono miwili, kumpa nafasi anayoitaka, kisha kumpandishia konde kutoka chini. Mzee mmoja aliyewahi kupigana katika ndondi za ridhaa alisema maneno ambayo bado nayakumbuka: "Mwanangu, Frazier aliingia kinywani mwa mamba akidhani ni kisima." Ali hakuingia. Aliegemea kamba zilizolegea, akaziba uso, akaacha makonde yatue kwenye mikono na mbavu, na kila Foreman alipotaka kupumua alikutana na konde la haraka la kulia. Kufikia raundi ya saba Foreman alikuwa anapiga kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua.

Niseme hapa kwamba wazee wa pale wana upendeleo kwa Ali, na baadhi yao hukumbusha kwamba alifika Nairobi mwaka 1980 akiwa mjumbe wa Rais Carter wa Marekani katika suala la kususia Olimpiki ya Moscow. Safari ile haina uhusiano wowote na kukwepa makonde, lakini mwendeshaji huwaachia dakika moja ya kumbukumbu.

Jioni iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa ya tatu, walipopambanishwa Mike Tyson wa mwaka 1988 na Foreman wa mwaka 1973. Wengi walifika wakiwa wameshaamua. Tyson ni mfupi, huja mbele, hutikisa kichwa. Frazier naye alikuwa mfupi, alikuja mbele, alitikisa kichwa. Basi Foreman angeshinda katika raundi ya pili, na twende nyumbani kabla matatu hazijapandisha nauli. Dada mmoja anayefundisha vijana ndondi aliivunja hesabu hiyo kwa utulivu. Alieleza kwamba Frazier alikuwa injini ya dizeli, mtu aliyehitaji raundi tatu au nne kabla hajapata moto, na kwa hiyo alikutana na Foreman kabla hajawa Frazier. Tyson alikuwa kinyume chake: hatari yake yote ilikuwa mwanzoni, kama alivyoona Michael Spinks alipoondolewa kwa sekunde 91. Tena Frazier alitegemea zaidi mkono wa kushoto, ilhali Tyson aliumiza kwa mikono yote miwili na aliingia kwa pembe, akihama upande baada ya kupiga, wakati Frazier aliingia kwa mstari mmoja. Akaongeza kwamba Foreman hakuwa mwamba usiotikisika, kwa kuwa Ron Lyle alimwangusha mwaka 1976 kabla ya Lyle mwenyewe kupigwa katika raundi ya tano.

Mzee wa mamba hakukubali, na jibu lake lilikuwa na uzito uleule. Alitukumbusha James Smith, ambaye mwaka 1987 alimkumbatia Tyson raundi zote 12. Smith alishindwa kwa pointi, lakini alionyesha kwamba Tyson, akishikwa karibu, aliacha kufanya kazi na kumsubiri mwamuzi awaachanishe. Foreman asingekumbatia, angesukuma, na kusukumwa ndiko kulikomtoa Tyson katika mdundo wake, kama Evander Holyfield alivyothibitisha mwaka 1996 kwa kumrudisha nyuma hadi mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya 11. Kisha akamtaja Buster Douglas, aliyemshinda Tyson kule Tokyo mwaka 1990, na konde lake refu la mkono wa mbele ambalo halikumruhusu Tyson kumkaribia. Dada akauliza kwa adabu, "Lakini Mzee, Foreman wa 1973 alikuwa na subira ya Douglas?" Ukumbi ukanyamaza, kwa sababu sote tulijua jibu. Mimi nilimpigia Foreman kura, ila mkono wangu haukuwa thabiti kama ulivyokuwa nilipoketi.

Alhamisi ya nne, ya Ali wa mwaka 1966 na Oleksandr Usyk, ilikuwa dhaifu zaidi, ingawa swali lilikuwa zuri. Usyk ni mshoto, yaani husimama mkono wa kulia ukiwa mbele na wa kushoto nyuma, hutembea bila kukoma, na mwaka 2024 alimshinda Tyson Fury mara mbili ingawa Fury ni mrefu kwake kwa sentimita kama 15. Ushahidi ulio karibu zaidi ni Karl Mildenberger, mshoto aliyemsumbua Ali mjini Frankfurt mwezi Septemba 1966 kabla ya kusimamishwa katika raundi ya 12, na nilitarajia pambano hilo lionyeshwe kwa urefu. Lilionyeshwa kwa dakika mbili, kisha tukapelekwa kumtazama Ali akimmaliza Cleveland Williams, pambano linalopendeza macho lakini lisilotufundisha lolote kuhusu mshoto.

Hapo ndipo kasoro za huduma hii zinapoanza. Ya kwanza na kubwa zaidi ni kwamba masharti ya pambano hayatangazwi. Mabingwa wa zamani walijiandaa kwa raundi 15, wa leo kwa 12, na tofauti hiyo si ndogo: mtu kama Frazier au Marciano alijenga ushindi wake katika raundi ambazo leo hazipo. Uzito nao hupitwa kimya. Marciano alipanda ulingoni akiwa na kilo 85 hivi, na kwa vipimo vya sasa angewekwa daraja la chini ya uzito wa juu. Hata upana wa ulingo ungefaa kutajwa, kwa maana ulingo finyu ni zawadi kwa anayefukuza na adhabu kwa anayetembea.

Kasoro ya pili ni kura yenyewe. Punje za mahindi hutiwa katika vibuyu viwili mbele ya watu wote, na kijana ambaye mjomba wake ametia punje kwa Ali hatatia kwingine. Jambo hili si geni. Mwaka 1969 Ali na Marciano, aliyekuwa amestaafu miaka 13 na kuvalishwa nywele za bandia, walipigana mbele ya kamera ili kuigiza pambano ambalo matokeo yake yalisemekana kutolewa na kompyuta. Watazamaji wa Marekani walioneshwa Marciano akishinda katika raundi ya 13, na baadhi ya watazamaji wa Ulaya wakaoneshwa Ali akishinda. Ikiwa kompyuta ilijua kumpendeza mteja wake, sioni kwa nini tushangae punje za mahindi. Karatasi zilizokunjwa zingegharimu shilingi 50.

Nimemweleza mwenye mkahawa yote haya ana kwa ana, naye ameahidi kuandika idadi ya raundi ubaoni. Kuhusu vibuyu alicheka tu. Alhamisi ijayo ni Lennox Lewis na Sonny Liston, wawili waliotegemea konde la mkono wa mbele. Anayetaka kuiona skrini yote afike kabla ya saa moja jioni na akae upande wa dirisha, kwa kuwa moshi wa mutura huelekea upande wa pili, na abebe mto wa kukalia.