Uzoefu wangu na wakutubi (wahudumu wa maktaba) wa Mwanza: kaunta ni safi, WhatsApp ni safi, ila kuna kitu kirekebishwe

Naandika hii kwa sababu kila nikiwaambia wenzangu kwamba mambo ya kufuga samaki kwenye vizimba nimeyapata maktaba, wanadhani natania. Huku kwetu maktaba watu wanaijua kama sehemu ya wanafunzi kwenda kubukua na madaftari yao wenyewe kipindi cha mitihani, basi. Wakati huduma za maktaba za umma Tanzania zipo kisheria tangu 1963, na ni za mwananchi yeyote, awe mvuvi au mama lishe.

Mimi niko Igombe hapa Mwanza, nafuga sato ziwani na wenzangu. Shida yetu ilikuwa samaki kufa ghafla, unalala wako fresh unaamka asubuhi wanaelea, na ukiuliza pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba kila mtu ana jibu lake, mmoja anakwambia sumu mwingine anakwambia chakula kibovu, ukiingia YouTube unakutana na jamaa anauza vifaranga vya samaki tu.

Nikaingia maktaba moja ya umma hapa mjini, kaunta kuna mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mama, naomba kitabu cha samaki. Marahaba mwanangu, wa kuvua au wa kufuga? Wa kufuga. Bwawani au ziwani? Ziwani, vizimba. Sasa unataka kuanza au umeshaanza na kuna kitu kinakusumbua? Hapo ndo nikamweleza habari ya kufa asubuhi. Akaniuliza tena, Kiingereza unasoma mwenyewe au kuna mtu atakusomea? Aliuliza kwa upole kabisa, wala sikujisikia vibaya. Yaani hayo maswali machache ndo huduma yenyewe, kwa sababu angenipa "kitabu cha samaki" kama nilivyoomba ningerudi Igombe mikono mitupu.

Akanipeleka rafu ya 639, ndo namba wanayoweka mambo ya uvuvi na ufugaji samaki. Vitabu vilikuwepo ila vya mabwawa tu. Akasema rafuni hatuna, lakini kukosekana hapa siyo kwamba hakipo, akakaa kwenye kompyuta akatafuta ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2007 ya ufugaji wa vizimba, ambayo ni bure kabisa kupakua, akanitumia kwa WhatsApp na kuniandikia nianze na sehemu ya Afrika kusini mwa Sahara, hizo nyingine nisihangaike nazo kwanza. Hicho ndo kitu Google haikufanyii.

Kuanzia hapo mambo mengi tunamalizana kwa simu. Natuma swali usiku nikiwa nyumbani, saa za kazi ananijibu, na nilichopenda ni kwamba kwenye simu ni yule yule wa kaunta, kabla hajatuma chochote lazima akuulize unataka ujue nini hasa. Kwa njia hiyo ndo nikaja kuelewa kwamba maji ya chini ziwani yanakuwa na oksijeni kidogo, upepo ukiyavuruga yakapanda juu samaki waliofungiwa kwenye kizimba hawana pa kukimbilia, na kama umeweka kizimba kwenye maji mafupi basi mabaki ya chakula na kinyesi vinaoza pale chini vinakula oksijeni iliyobaki. Akaniambia pia nisiishie kusoma, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wana kituo hapa hapa Mwanza, nenda ukaongee na wataalamu wenyewe. Mkutubi anayekubali kwamba jibu liko kwa mtu mwingine na akakuelekeza kwake, mimi huyo namheshimu sana.

Kuna makala moja nilikwama, ukifungua inadai dola. Akanifafanulia kwamba kuna mpango unaitwa Research4Life, ulianza 2002 na HINARI ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa mambo ya afya, 2003 ikaja AGORA ya kilimo na chakula, majarida ya kulipia yanafunguliwa bure au kwa bei ndogo kwa taasisi za nchi kama yetu, ila ni taasisi inayosajiliwa siyo mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nijaribu kupitia chuo. Na siku nilipoomba anipigie picha kitabu kizima alikataa, akasema kuna sheria ya hakimiliki ya 1999, kurasa chache za kujisomea sawa, kizima hapana, njoo uazime. Nilikubali, kuna mtu alitoa jasho kukiandika.

Lakini msidhani simu inatosha. Pale 639 jirani yake ni 638, mambo ya nyuki, nikachomoa kimoja nikampelekea mke wangu na sasa hivi anasoma kuliko mimi. Kitu kama hicho WhatsApp huwezi kukutana nacho maana hukukiuliza.

Sasa kasoro. Ile namba ni simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe. Alipoenda likizo kukawa kimya, wenzake kaunta wakarimu tu lakini hawakujua tulifikia wapi. Hii siyo sawa jamani. Huduma nzuri hivi haifai kumtegemea mama mmoja na vocha yake, inatakiwa namba ya ofisi, bando la ofisi, na wakutubi wapokezane. Na kuna maktaba nyingine ina ukurasa mzuri mtandaoni, picha kali, ila ukiuliza swali unajibiwa "karibu ofisini". Sasa mtu yuko Ukerewe apande meli kuja kuuliza kama kitabu kipo?

Alama zangu: kaunta 5 kwa 5, mtandaoni 4, hiyo moja ni ya bando. Ukienda usiseme nataka kitabu cha kitu fulani, sema shida yako yote kama ilivyo, na ulizia kujiunga uanachama siku hiyo hiyo ili uweze kuazima. Na wakikupa namba, tuma meseji tu usubiri saa za kazi, usimpigie mtu usiku.