Modak ya mvuke: tuangalie ganda kwanza

Karibuni tena jamani. Leo niko Pune, India, na hapa mezani nina modak tano za moto, vitafunio vitamu vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi, zimetoka kwenye mvuke sasa hivi. Itazameni hii kwa karibu. Umbo lake kama kitunguu saumu kizima, ncha juu, na haya marinda yote yamebanwa kwa vidole, moja moja. Wamarathi, wenyeji wa huku, wanaiita ukadiche modak, yaani modak ya mvuke. Ndiyo anayoandaliwa Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, kwenye sikukuu yake, Ganesh Chaturthi, mwezi wa nane au wa tisa. Desturi ni kumwekea 21, na mpishi haonji kabla hazijatolewa. Zikishatolewa ndipo watu wanagawiwa.

Naivunja... mnaona? Nazi mbichi ya kukuna, sukari guru, iliki, kungumanga kwa mbali. Mtu wa Tanga au Lamu akiinusa tu ameshafika jikoni kwa bibi yake.

Lakini mimi modak naipima kwa ganda. Nazi na sukari guru zikiiva pamoja, ni vigumu kukosea. Kazi iko huku nje. Maji yanachemshwa na samli kidogo na chumvi, unga wa mchele unatiwa, sufuria inafunikwa, kisha unga unakandwa ungali wa moto, mikono inaungua kweli, mpaka ulainike. Ukibaki mkavu, marinda yanapasuka na utamu wote unavujia kwenye mvuke. Wengi hapa hupenda mchele wa ambemohar, wenye harufu ya maua ya mwembe.

Juzi nilinunua za duka fulani, zimeshindiliwa kwenye kifinyangio cha plastiki. Ganda nene, linanata kwenye meno, nazi haba. Sikuimaliza hata moja. Hizi za leo amezifinyanga mama mwenye nyumba ninakopanga, na ganda lake ni jembamba hadi kahawia ya ndani inaonekana. Amenifundisha kuila: unaifungua kileleni, unamiminia samli, unakula papo hapo. Jamani... hii ni tamu mno. Nampa mama huyu kumi kwa kumi.

Msinunue za kuweka, zikipoa ganda linakakamaa. Na dukani taja neno lote, ukadiche. Ukisema modak tu, unaweza kufungiwa za kukaanga, au zile za maziwa yaliyokaushwa.