Kompyuta mbili nilizonunua Tabora: ya kwanza kwa macho, ya pili kwa bisibisi

Nina steshenari ndogo Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Nachapa kazi za watu, natoa kopi, natengeneza kadi za harusi na picha za pasipoti, na msimu ukifika najaza maombi ya mikopo ya vyuo. Kompyuta ya mezani ndiyo jembe langu. Ndani ya mwaka mmoja na nusu nimenunua mbili, na tofauti yake imenigharimu, kwa hiyo naieleza yote kwa anayetaka kununua.

Ya kwanza niliichukua kwa shilingi 950,000. Bokisi jipya, kioo ubavuni, feni tatu zinazowaka rangi. Mbele imebandikwa karatasi: Core i7, RAM 16, SSD 512, kadi ya grafiki GB 4. Yaani prosesa, ubongo wa mashine; kumbukumbu ya kazi ya GB 16; diski ya haraka ya GB 512; na kadi ya kushughulikia picha. Kijana akaiwasha, ikawaka upesi, nikalipa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba karatasi ile haikuwa na uongo hata neno moja. i7 ilikuwa i7 kweli. RAM ilikuwa 16 kweli.

Mwezi wa tatu tangu niinunue, umeme ulikatika na kurudi mara mbili ndani ya dakika moja. Nikasikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti inapowashwa, halafu harufu. Nje ya kaunta kulikuwa na wanafunzi saba wanasubiri fomu zao za mkopo. Niliwarudishia pesa mmoja mmoja.

Niliipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa redio na televisheni wa siku nyingi. Akachomoa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, akaniwekea mkononi. "Shika hii, mwanangu." Kisha akanipa nyingine, kuukuu, aliyoitoa kwenye mashine ya ofisi. "Na hii." Yangu ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa, na imeandikwa wati 500. Ile kuukuu ilikuwa imeandikwa 240, na mkono ulishuka nilipoipokea.

Akaifungua. Pale umeme wa ukutani unapoingilia, ubao una michoro ya vifaa vya kuchuja umeme: koili mbili na kapasita kadhaa. Matundu yapo, michoro ipo, vifaa havipo. Badala ya koili, wameunganisha kwa vipande viwili vya waya, basi. Akanionyesha pia lebo ya ubavuni: kwenye safu ya +12V imeandikwa ampea 15. "Zidisha," akasema. Kumi na mbili mara kumi na tano ni 180. Prosesa na kadi ya grafiki vinakula kwenye laini hiyo hiyo ya 12V, kwa hiyo mashine yangu ilikuwa na wati 180 za kweli, na 500 ilikuwa ya stika. Ilipokufa ilikufa pamoja na madabodi, ule ubao mkuu wa mashine.

Na ile i7? Ilikuwa i7-2600, prosesa iliyotoka mwaka 2011. Hapa kwetu bokisi zima tunaliita "CPU", na nadhani ndiyo maana tunaumia. Muuzaji akisema "CPU ya i7", mnunuzi anasikia kwamba kila kilichomo ni cha daraja la i7. Kumbe hilo ni jina la kipande kimoja kisichojaa hata kiganja, na hata hicho umri wake uko kwenye namba zinazofuata. Baada ya kistari, 2600 ni kizazi cha pili, 8500 ni cha nane, 10400 ni cha kumi. i5 ya kizazi cha nane inaiacha mbali i7 ya kizazi cha pili. Na RAM zangu 16 zilikuwa DDR3, aina ya zamani, haziingii kwenye mashine inayotumia DDR4, kwa hiyo hata hizo sikuweza kuhama nazo.

Safari ya pili niliingia dukani na bisibisi, tochi ya simu, na flashi yenye programu mbili za bure zisizohitaji kusakinishwa: CPU-Z, inayotaja prosesa na RAM zilizomo, na CrystalDiskInfo, inayoonyesha afya ya diski. Nilikuwa nimeshaamua kuchukua mashine ya ofisini iliyotumika kuliko mpya ya rangi rangi. Nikaikuta Dell OptiPlex 5060, ile nyembamba, kijana wa duka anaiuza 680,000 bila kioo cha kuangalizia, yaani monita.

Nikaomba kuifungua. "Dada, ukiifungua waranti inakufa."

"Basi ifungue wewe, kaka, mimi nitaangalia tu. Nikishaona ndiyo tuongee bei."

Alisita, akaifungua. Hili nalisema kwa uzito: muuzaji akikataa kabisa kufungua, ondoka. Sikuhitaji ujuzi wa fundi kuona nilichoona. Pawa saplai ina lebo ya kiwandani, wati 200 tu, lakini nzito, na nyaya zake zimebana vizuri. Kapasita kwenye madabodi zote bapa juu, hakuna iliyovimba wala kutoa ute. Vumbi lilikuwepo, na vumbi halinitishi, mimi naishi Tabora. Ningetishika na dalili ya kuungua au rangi ya kutu kwenye skrubu.

Mashine za Dell zina tagi ya namba na herufi saba nyuma. Niliiandika kwenye ukurasa wa huduma wa Dell kwa simu, ikaniletea jinsi mashine ilivyotoka kiwandani: i5-8500, RAM ya GB 8 kijiti kimoja, na diski ya kawaida isiyo SSD. Yaani SSD na kijiti cha pili cha RAM viliongezwa baadaye. Si kosa, ila nilijua nikague wapi zaidi.

CPU-Z ilionyesha prosesa ni yenyewe, na RAM inafanya kazi kwa vijiti viwili pamoja. Hilo lina faida: vijiti viwili vya 8 hupitisha data kwa kasi kuliko kimoja cha 16, hasa kama huna kadi ya grafiki ya pembeni. CrystalDiskInfo ikasema SSD ina afya asilimia 94 na imewashwa zaidi ya saa 11,000. Nikaikubali nikijua nimenunua kitu kilichofanya kazi.

Tatizo lilikuwa joto. Niliiacha ikisafisha picha kubwa za harusi kwa nusu saa, prosesa ikafika nyuzi 96. Prosesa hii ikifika 100 huanza kujipunguzia kasi isiungue. Kijana akafungua kipooza joto: ile pesti iliyo kati yake na prosesa ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Akaisafisha, akapaka mpya, tukarudia kazi ile ile. Sabini na nne. Nilimpenda kwa hilo. Bei ikashuka mpaka 640,000, na risiti nikaandikiwa namba ya tagi na modeli ya prosesa, siyo "CPU moja" kama ile ya kwanza.

Ina mipaka yake. Bokisi jembamba halipokei kadi ya grafiki ndefu, na kwa wati 200 hata ikiingia haitashiba. Pawa saplai za mashine za ofisini mara nyingi zina umbo na plagi zake zenyewe, huwezi kwenda duka lolote ukanunua ya kawaida ukafunga. Mwenye kucheza gemu nzito au kuhariri video ndefu atafute bokisi kubwa. Kwangu inatosha. Jambo jingine lililonivuta kwa kizazi cha nane ni Windows 11, kwa kuwa Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na ile i7-2600 haimo kabisa kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika.

Zile 310,000 zilizobaki kati ya bei ya kwanza na ya pili, nilinunua UPS, betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, na monita ya inchi 22 iliyotumika. Ni miezi saba sasa tangu niinunue. Umeme umekatika mara nyingi, na nimepata dakika zangu kumi za kuhifadhi kazi na kuizima taratibu. Oktoba, joto letu lilipokuwa kali, niliipima tena mchana dukani ikasoma 79.