Bathtabu ilifungwa mwisho: uzoefu wangu na mafundi waliotuandalia bafu Arusha

Mafundi hawa nawapa alama za juu, na zaidi ni kwa kazi waliyoifanya bathtabu yenyewe ikiwa bado haijafungwa. Siku ya kufunga ilikuwa nyepesi kwa sababu nyumba ilikuwa imeshaandaliwa kila kona, kuanzia getini mpaka kwenye karo la maji taka.

Nyumba yetu iko Njiro, nyumba ya chini ya kawaida. Bafu lilikuwa na bomba la mvua, ndoo, na tundu la kutolea maji katikati ya sakafu. Mama yangu ana maumivu ya magoti, na baridi ya Juni na Julai humkaza sana. Kinachomtuliza ni kujiloweka kwenye maji ya moto. Tukachagua bathtabu ya akriliki ya sentimita 170 kwa 70, saizi inayopatikana kirahisi, kutoka duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mafundi tuliwatafuta wenyewe, hawatoki dukani.

Fundi mkuu alikuja kukagua kabla hatujalipa chochote, na alianzia getini, futi mkononi. Akapima geti, mlango wa mbele, upana wa korido, ile kona ya kuingilia vyumbani, halafu mlango wa bafu. Fremu ilikuwa na sentimita 70, lakini mlango ukiwa umefunguliwa unakula nafasi, ikabaki kama 65. "Mama, tutailaza ubavu ipite," akaniambia, "ila mlango huu tunautoa kwenye bawaba, na hili kabati la vyombo lihame." Mtu akikuuzia bathtabu bila kuuliza upana wa mlango wako, muulize wewe.

Kilichomchukua muda mrefu zaidi ni maji machafu. Bomba la mvua humwaga kidogo kidogo, lakini bathtabu ikifunguliwa kizibo inatoa lita 150 au zaidi kwa mkupuo. Bomba likiwa jembamba au limelala, maji yanarudi na kuchungulia kwenye tundu la sakafu. Alifungua chemba nje, akammwagia kijana wake maagizo ya kupeleka ndoo za maji mfululizo bafuni, yeye akabaki amechuchumaa akiangalia yanavyotoka. Yalitoka kwa kusuasua. Akapima umbali kutoka ukutani hadi chemba, ukawa mita 4. Hesabu yake ilikuwa kwamba bomba lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo mwisho wa bomba uwe chini kwa sentimita 10 kuliko mwanzo wake. Bomba la zamani halikuwa hata na nusu ya mteremko huo. Ikabidi tuchimbe sakafu na kulaza bomba jipya, pamoja na ule mkunjo unaobaki na maji ndani ili harufu ya karo isipande. Pia alitaka kujua karo lilinyonywa lini, na kama shimo la kufyonzea maji bado linafyonza vizuri wakati wa masika. Kwa nyumba zetu zinazojitegemea kwa maji taka, hilo ni swali la lazima.

Baada ya hapo, maji ya kuingia. Simtanki letu liko juu ya mnara, na kutoka usawa wa maji hadi bomba la bafuni ni kama mita 4. Kimo cha mita 10 ndicho kinachotoa presha ya baa 1, kwa hiyo sisi tulikuwa na 0.4 tu. Miksa nyingi za kigeni, yaani bomba za kuchanganya maji ya moto na baridi, zinazong'aa dukani zimetengenezwa kwa presha kubwa kuliko hiyo, soma boksi kabla ya kulipa. Kipimo chake kilikuwa rahisi: ndoo ya lita 20 chini ya bomba, na saa ya simu. Ilijaa kwa dakika 4. Kwa mwendo huo lita 150 zinahitaji nusu saa, na mama atakuwa amekaa anasubiri huku maji yakipoa. Tukaweka pampu ndogo ya kuongeza presha, na sasa bathtabu inajaa kwa muda wa kama dakika 10.

Maji ya moto ndipo watu wengi wanapokwama. Hita ndogo za kufunga juu ya bomba la mvua hazifai kujazia bathtabu, kwa sababu zinapasha maji kidogo kidogo yanapopita. Yenye kilowati 5 ikipandisha joto kwa nyuzi 20 haifikishi hata lita 4 kwa dakika. Unahitaji hita ya tanki. Fundi alinifanyia hesabu kwenye kipande cha boksi: maji ya baridi yakiwa nyuzi 18, ya hita nyuzi 60, na unataka kuoga kwa nyuzi 39, basi nusu ya maji yatoke kwenye hita. Kwa lita 150 hizo ni 75, kwa hiyo hita ya lita 50 ingetuacha tunatetemeka. Tulichukua ya 80. Kwa mtu wa Dar, ambako maji ya bomba yenyewe yana uvuguvugu wa nyuzi 27 hivi, hesabu inashuka mpaka lita 55. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunakula karibu uniti 4 za LUKU kila mara. Kwa walio kwenye kundi la matumizi madogo lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, kuoga hivi kila siku kutawatoa huko haraka.

Umeme wa hita ulivutiwa waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu la umeme, wenye swichi yake nje ya bafu, na fundi umeme akahakikisha waya wa ethi unafanya kazi na kile kikata umeme cha milliampia 30 kinakata kweli kikibonyezwa. Kwenye chumba chenye mtu aliyelala majini, sehemu hii msikubali ifanywe kwa kubahatisha.

Kwa wanaoishi ghorofani, suala la uzito nililiuliza ingawa halituhusu. Maji lita 180 ni kilo 180, ongeza bathtabu kilo 30 na mtu wa kilo 70, zinakuwa kilo 280 kwenye eneo lisilofika mita moja na robo za mraba. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba kama mzigo uliosambaa. Zege nzuri inaweza kuhimili, ila aseme mhandisi aliyeona michoro. Bathtabu nzito ya chuma cha kumimina yenyewe huvuka kilo 100 kabla ya tone la maji.

Duka ndilo lililoniudhi. Tuliahidiwa mzigo kuingizwa mpaka ndani, gari likaushusha getini na dereva akawa na haraka ya kuondoka. Fundi wetu akamzuia, akakata kamba za boksi palepale. Bathtabu haikuwa na mkwaruzo, lakini kifaa cha kutolea maji na cha kuzuia kufurika havikuwemo. Dukani walivileta baadaye, baada ya simu nyingi na mimi kupandisha sauti. Nashukuru kwamba sakafu ilikuwa haijavunjwa, tungekaa na shimo bafuni tukisubiri kizibo.

Siku ya kuvunja, kwanza walifunga valvu mpya ya bafu peke yake ili jikoni maji yaendelee kutoka. Walijaza matambara kwenye mdomo wa kila bomba la maji machafu, zege isidondokee humo, wakaning'iniza turubai lililolowa mlangoni. Vumbi lilikuwepo, lakini sebule ilibaki salama. Baada ya kulaza bomba na kusawazisha sakafu kwa pima maji, walipaka dawa ya kuzuia maji sakafuni na kupanda ukutani, mara mbili, ndipo marumaru zikafuata. Ubavuni mwa bathtabu waliacha kimlango kidogo cha kufikia ule mkunjo wa bomba. Mafundi wengi hufunika kwa marumaru moja kwa moja, na siku bomba likivuja unavunja ukuta wote.

Jaribio nililolipenda ni hili: kabla ya kuziba ubavu, waliijaza mpaka kwenye tundu la kufurikia, wakaiacha ilale hivyo usiku mzima. Asubuhi fundi alilala kifudifudi na tochi, akapitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Ilitoka kavu. Hapo ndipo alipoimwaga, na mimi nikaenda kusimama kwenye chemba kuangalia maji yanavyokuja kwa kishindo bila kurudi nyuma.

Silikoni ya pembeni pia aliipaka bathtabu ikiwa imejaa. Akriliki inashuka kidogo kwa uzito wa maji, na ukiziba ikiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga ule mstari unaachia ukutani. Alipitisha kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni kwa mkupuo mmoja kutoka kona hadi kona, tukaiacha saa 24.

Maandalizi yote, yaani bomba, pampu, hita na waya, yalitugharimu zaidi ya bathtabu yenyewe, basi panga bajeti yako hivyo. Mafundi nyota 5, duka nyota 2. Kwa mama tuliongeza vyuma viwili vya kushika, vimefungwa kwenye tofali na siyo kwenye lipu tu, na mkeka wa mpira ndani, maana ukingo una sentimita 57 na kuuvuka kwa magoti mabovu si mchezo. Uniti za LUKU ndizo zinazonisumbua sasa, na fundi ameshapanda juu ya bati kuangalia upande utakaofaa kwa hita ya jua.