Boksi la kuzalia mbwa, plaiwudi ya marini (ile ya kuhimili maji) au plastiki?
Kwa hii hewa ya chumvi ya Malindi chipubodi achana nayo kabisa, ikinywa mkojo tu inafura inamomonyoka, na sie wa kufuga kwa leseni twataka kitu cha kuosha kila siku. Fundi kanichongea la plaiwudi ya marini, kingo laini, reli ya ndani kaiweka kama sentimita 10 kutoka chini mama asije akawabana watoto ukutani, hapo nampa tano! Ila vanishi yanuka bado, na mbao isipozibwa sawasawa hata umwage jiki uchafu wabaki ndani. Plastiki ngumu yaosheka upesi lakini yateleza, sharti mkeka wa mpira. Joto kwetu si kazi, usiku wa kusi tu ndo taa ya joto, wiki ya kwanza watoto wataka joto la digrii 29 hadi 32.