Tahadhari: Muuzaji wa sahani za santuri "za asili" anayetuma mizigo Pemba kwa boti

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayejitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba ana duka la sahani za santuri za zamani Mkunazini, na kwamba hutuma mzigo popote kwa boti baada ya kulipwa kwa simu. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri limeshafikishwa polisi, lakini mbinu zake nitazieleza, kwani hubadilisha namba kila anaposhtukiwa.

Mimi niliagiza kwake No Other ya Gene Clark, mmoja wa waasisi wa kundi la The Byrds la Marekani. Sahani hiyo ilitolewa na kampuni ya Asylum mwaka 1974, ikiwa na nyimbo nane tu za kantri iliyochanganywa na roki, na kwa kuwa haikuuzika, kampuni iliacha kuichapa baada ya muda mfupi. Ndiyo maana nakala za mwanzo ni adimu hata huko kwao. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alikuja nayo Chake Chake nikiwa kijana, tukawa tunaisikiliza barazani usiku hadi majirani wasiojua Kiingereza wakashika viitikio. Ilipotea tulipohama nyumba, na tangu hapo sikuiona tena mpaka nilipokutana na tangazo la mtu huyu.

Nilimuomba picha kabla ya kulipa, naye akaniletea picha safi za sahani ya asili, ambazo baadaye nilizikuta zile zile kwenye tangazo la muuzaji wa ng'ambo. Bei ilikuwa shilingi 350,000, nusu mwanzo na nusu siku ambayo mzigo ungepakiwa botini bandari ya Malindi, Unguja. Nilipoupokea bandari ya Mkoani, Pemba, na kuufungua, pembe za jalada zilikuwa zimepakwa kitu cha rangi ya chai ili lionekane limechakaa, ilhali karatasi ya ndani ilikuwa nyeupe pepepe. Nyuma kulikuwa na kibandiko cha bei ya dola. Nilipokibandua kwa ukucha, chini yake ikatokea ile mistari myeusi inayosomwa na mashine za dukani. Majalada ya santuri yalianza kuwekwa mistari hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hivyo jalada la 1974 haliwezi kuwa nayo. Sahani yenyewe ni nzito, kama nyingi za siku hizi zinazotengenezwa kwa gramu 180.

Sina ugomvi na chapa mpya. Kampuni ya 4AD ya Uingereza iliitoa tena sahani hii mwaka 2019 kwa njia ya halali, na anayetaka kusikiliza tu ainunue hiyo kwa bei yake. Huyu anauza chapa mpya kwa bei ya nakala ya mwanzo, na akiulizwa hujibu kwamba namba 7E-1016, ambayo Asylum waliipa sahani ya mwanzo, ipo kwenye jalada. Namba peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa wanaochapa upya mara nyingi hunakili jalada la mwanzo pamoja na namba zake.

Wapenzi wa taarabu nao wajihadhari, maana mtu huyo huyo anatangaza "LP halisi ya Siti binti Saad ya mwaka 1928". Ni kweli kwamba Siti alirekodi Bombay mwaka huo, lakini sahani za wakati ule zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, zikibeba wimbo mmoja kila upande, na LP, yaani sahani inayozunguka polepole na kubeba nyimbo kadhaa kila upande, haikutoka mpaka mwaka 1948. Kumfanyia hivi Siti, hapa hapa kwao, kumeniuma kuliko fedha yangu.

Anayetaka kununua amtake muuzaji apige simu ya video na kuonyesha nyuma ya jalada bila kibandiko, pamoja na herufi zilizochongwa karibu na katikati ya sahani. Huyu hukataa kila mara kwa kisingizio cha mtandao. Malipo yafanyike sahani ikiwa mkononi. Namba anayotumia inaweza kuripotiwa kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, na waliokwisha kumlipa wahifadhi ujumbe wa muamala na wautoe kwenye karatasi, kwani ndio utakaohitajika kituoni. Sahani aliyonitumia ninayo ndani ya boksi lake, na niko tayari kuirejesha kwa boti siku atakaponirejeshea fedha yangu.